Kamati ya Kwato za Mtondoo

Hapo zamani, wakati mji wa Mtondoo ulipokuwa bado na mitaa minne na Jumbe mmoja, walikuwapo watu watano barazani siku ya kutolewa joho.

Alikuwapo Jumbe Mbwana bin Shomari Kitojo, mwenye baraza na mwenye joho.

Alikuwapo Mwalimu Sudi bin Jongo, wa shule ya serikali, aliyekuja na daftari na rula.

Alikuwapo Fundi Kea bin Athumani, seremala. Ninataja jina la baba yake kwa sababu palikuwa na Kea mwingine, Kea bin Mshangama, mpishi wa forodhani, ambaye hakuhusika hata kidogo na ujinga huu.

Alikuwapo Maalim Bakari bin Zumo, aliyesoma Lamu kwa miezi minane na kuisimulia habari hiyo kwa miaka thelathini.

Na alikuwapo, kwa nyuma, upande wa wanawake, Bi. Mwanakombo binti Mgeni, mkunga, ambaye hakualikwa.

Waliobaki walikuwa umati, na umati una jina moja tu.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Bi. Mwanakombo alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo alivaa mitalawanda, yaani viatu vya mti, vyenye visigino viwili vya mbao, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hakuvivaa kwa urembo. Alivivaa kwa kazi. Mama yake alivivaa kabla yake, na bibi yake kabla ya mama yake. Mkunga wa Mtondoo alitembea ko, ko, ko, ili nyumba anayokwenda imsikie angali mbali: huyu ateleke maji, huyu atandike, huyu awatoe wanaume nje. Alipofika mlangoni hakuwa na haja ya kubisha. Mlango ulikwisha kufunguliwa. Wala mbele ya wanaume hakutaja kamwe nyumba anayokwenda, maana hiyo ilikuwa sitara ya mwenye nyumba. Alisema tu, "Nina mtu," na kila mwanamke akaelewa.

Kila mwanamke, nasema. Wanaume wa zamani wa mtaa nao walijua, lakini mwanamume mwenye heshima hazungumzii miguu ya mkunga. Wakanyamaza, na wakajiona wameshika adabu.

Kisha yakajengwa maghala mapya ya mbata, wakaja wachukuzi kutoka bara, wakapanga vyumba nyuma ya soko. Hao hawakujua. Alfajiri moja mchukuzi mmoja akasikia ko, ko, ko, akasema, "Anapita punda." Wa pili akachungulia, akasema, "Punda gani anavaa buibui?" Wa tatu akaenda asubuhi kutazama mchanga, akakuta kila alama imegawanyika mara mbili, mbele na nyuma, akasema, "Ni kwato, na zimepasuka katikati." Wa nne alisema amemwona uso, mzuri kuliko uso wa mtu. Wa tano alisema alisalimiwa naye kwa jina lake na jina la mama yake. Huyo wa tano mwezi mzima alikuwa safarini, lakini ndiye aliyeona vizuri kuliko wote.

Baada ya wiki tatu Mtondoo mzima ulikuwa na jini mwanamke mwenye kwato. Wauza samaki waliacha kuja sokoni kabla jua halijapanda, na jua likipanda samaki wa Mtondoo hanunuliki. Watu wazima waliacha sala ya alfajiri msikitini, wakasingizia magoti.

Jumbe Mbwana alikuwa na sababu yake ya kutaka uvumi huu uishe, na uishe upesi. Binti yake, Mwanaidi, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amerudishwa kwa wazazi wake kujifungua uzazi wa kwanza, kama desturi ilivyo. Mwezi wake wa tisa ulikwisha kuingia. Jumbe alitaka siku ya mwanawe iukute mtaa umetulia. Akatoa sandukuni joho la babu yake, la buluu, lenye taraza za dhahabu, akatangaza:

"Atakayeuondoa uvumi huu atalivaa joho hili, na ataketi kulia kwangu."

Ikaundwa Kamati ya Uchunguzi. Wajumbe walikuwa Mwalimu Sudi, Fundi Kea na Maalim Bakari. Kamati ilisikiliza mashahidi ishirini na saba, na Mwalimu akaandika majina yao yote kwa ukamilifu. Wote ishirini na saba walikuwa wanaume. Maalim alieleza kwamba shahidi wa mambo ya majini lazima awe mtu asiyetishika upesi. Shahidi wa kumi na nne ilibidi ashikwe mikono ili aweze kuweka alama ya kidole gumba.

Mwalimu Sudi akawa wa kwanza kutenda. Asubuhi moja alizifuata zile alama kwa rula. Alipima urefu, inchi tisa na nusu. Alipima nafasi kati ya alama na alama. Alifuata, akafuata, mpaka zikamfikisha kizingitini kwa Bi. Mwanakombo, na pale kizingitini akaviona viatu vimepumzika.

"Shikamoo, Bi. Mkubwa."

"Marahaba, Mwalimu. Mkeo kashikwa?"

"La, Bi. Mkubwa. Nimekuja kupima viatu vyako."

"Vipime. Usivivae tu, utavunjika."

Alivipima, akaviona sawasawa na alama. Akaenda sokoni, akasimama juu ya kreti, akasoma ripoti yenye vifungu kumi na viwili: jini hakuna, kwato hakuna, sauti ni ya mitalawanda ya Mwanakombo binti Mgeni, mkunga, wa mtaa wa pili, nyumba ya tatu kutoka kisimani.

Watu walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mchukuzi mmoja akauliza, "Mwalimu, jini mwenye kwato akitaka kuzificha, atavaa nini?"

"Viatu," akasema Mwalimu.

"Basi tumekuelewa."

Kuanzia siku ile uvumi ukawa na jina na nyumba. Bi. Mwanakombo akiwa njiani watu walimsimamisha, wakamtaka aoneshe miguu. Alipandisha buibui hadi kwenye vifundo, akaonesha miguu ya mwanamke wa miaka sitini, yenye magaga. Wakaitazama kwa makini. Mmoja akasema, "Leo ni miguu." Watu wakatikisa vichwa, kwamba ni kweli, leo ni miguu. Jioni ile mawe mawili yalitupwa kwenye mlango wake.

Fundi Kea akaja kwa Mwalimu, akamwambia, "Ukweli wako umempa jini anwani. Sasa niachie mimi." Akakata ngozi ya ng'ombe, akashona makubadhi laini, mepesi, akayapeleka kwa Bi. Mwanakombo.

"Bi. Mkubwa, Kamati inaomba mitalawanda yako kwa siku chache."

"Na mimi nitembee na nini?"

"Na haya. Hayalii hata kidogo."

"Yaani mnataka nisisikike."

"Ndiyo, Bi. Mkubwa. Kwa salama yako."

Bi. Mwanakombo akamtazama. "Kea, wewe nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu. Nikasema huyu mtoto ana haraka, lakini kichwa kitafuata. Mpaka leo nangoja."

Hata hivyo alivitoa viatu, kwa sababu ya yale mawe mawili. Na sauti ikakatika. Alfajiri ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya, na wauza samaki wakarudi. Ya nne, mtu mmoja akasema, "Alipokuwa akisikika tulimkimbia. Sasa hasikiki. Tutamkimbiaje?" Kufika adhuhuri soko lilikuwa tupu tena.

Maalim Bakari alikuwa akiingojea siku hiyo. Alikuja katikati ya soko na chetezo cha ubani na chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi. Alisoma kwa sauti. Alitoka jasho. Alishindana na ile chupa, ikamwangusha mara mbili, na mara ya tatu akaiangusha yeye. Akaipiga kizibo, akaionesha watu. Wakasema wanamwona ndani. Akaitupa mkondoni. Kisha akasema:

"Jini nimemfunga. Kivuli chake kimebaki, na kitazunguka siku saba. Kinakuja mchana au usiku, kwa umbo la mwanamke mzee, kwa miguu isiyosikika. Kitaiga hata sauti za watu wa ndani ya nyumba. Kwa siku saba, asifunguliwe mlango mwanamke mzee ambaye hamkumsikia akija."

Kutoka upande wa wanawake mmoja akauliza, "Na mkunga je, Maalim?"

"Mkunga husikika."

"Viatu vyake si mmevichukua?"

"Mama, usinikatize," akasema Maalim, na hakukatizwa tena.

Baadaye yule mwanamke aliulizwa kwa nini wanawake hawakusema tangu mwanzo. Akajibu, "Tuliulizwa na nani?"

Jumbe Mbwana alikuwapo pale sokoni, akalisikia swali la mkunga na jawabu la Maalim. Angeweza kusema neno. Lakini kusema neno kuhusu mkunga mbele ya umati kulikuwa ni kuutangazia umati hali ya binti yake. Akanyamaza kwa heshima. Tena, ili kuwa mfano kwa wengine, alimwagiza bawabu wake, Feruzi bin Maktubu, alishike agizo la Maalim kwenye mlango wa nyumba yake, neno kwa neno.

Uvumi ukaisha. Hili lazima lisemwe, maana ni kweli. Soko likajaa. Magoti yakapona. Watu walewale ambao hawakuuamini ukweli wa inchi tisa na nusu waliiamini chupa ya kikohozi, wakalala usingizi.

Siku ya tano kati ya zile saba, ikiwa Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, Jumbe akaita watu barazani alitoe joho. Joho liliwekwa kwenye kiti. Mitalawanda iliwekwa mezani, imefungwa kikaratasi kilichoandikwa na Mwalimu: Kielelezo Namba Moja.

Saa ileile, nyumbani kwa Jumbe, Mwanaidi alishikwa na uchungu.

Mama yake alimwita jirani juu ya ukuta wa uani, jirani akakimbia kwa Bi. Mwanakombo, na Bi. Mwanakombo akaja mbio kwa makubadhi ya Fundi Kea. Hakusikika. Maji hayakuwa jikoni. Mlango ulikuwa na komeo, na nyuma ya komeo alikuwa Feruzi.

"Nani?"

"Mwanakombo. Fungua."

"Mbona sikukusikia ukija?"

"Nimevaa makubadhi."

"Na kivuli cha jini nacho tumeambiwa hakisikiki."

Mama yake Mwanaidi akapaza sauti toka ndani, "Feruzi, mfungulie."

"Na sauti ya bibi pia nimetahadharishwa," akasema Feruzi. Alikuwa mtu mwaminifu. "Bi. Mkubwa, kama ni wewe kweli, nenda ukarudi kwa ko, ko, ko. Nitafungua hapohapo."

Bi. Mwanakombo hakubishana. Alizijua bawaba za mlango ule, na alimjua Feruzi. Akageuka, akaenda barazani kufuata viatu vyake.

Alipofika, Mwalimu Sudi alikuwa amesimama akitoa hoja yake.

"Joho ni langu. Mimi peke yangu nilijua jini hakuna. Wenzangu wamemwondoa mtu ambaye hakuwapo. Atakayelipwa kwa kumfukuza asiyekuwapo, kesho tutamlipa kwa kuzima nyumba isiyoungua. Uvumi huondolewa na ukweli. Ukweli niliuleta mimi, umeandikwa, na uko katika vifungu kumi na viwili."

Watu wakasema, "Ana haki."

Akasimama Fundi Kea. "Joho ni langu. Mwalimu alileta ukweli, na ukweli ukaleta mawe. Maalim alileta chupa. Mimi nilileta kimya. Uvumi ulianza kwa sauti; niliyeiondoa sauti ni mimi. Ungekuwa na mbu sikioni, ungemshukuru anayekueleza ni mbu wa aina gani, au anayemtoa?"

Watu wakasema, "Na huyu ana haki."

Akasimama Maalim Bakari. "Joho ni langu. Mwalimu alisema, hamkulala. Fundi akashona, hamkulala. Mimi nilipotupa chupa mlilala. Jumbe hakuahidi joho kwa anayejua, wala kwa anayeshona. Aliahidi kwa atakayeuondoa uvumi. Ulizeni soko ni nani aliyelijaza."

Watu wakasema, "Huyu naye."

Hapo Bi. Mwanakombo akapaza sauti kutoka nyuma. "Jumbe, naomba viatu vyangu. Nina mtu."

Watu wakageuka.

Mwalimu alisema kielelezo hakitoki mezani kabla shauri halijafungwa, lakini ataandika ombi lake. Fundi alisema makubadhi yale ni imara, ayatumie tu. Maalim alisema mitalawanda ikilia leo watu watadhani chupa imepasuka, na kazi yote itakuwa bure. Angoje siku mbili. Mtu mmoja katika umati akasema, "Mpeni joho yeye. Bila miguu yake tungepata wapi uvumi?" Watu wakacheka sana.

Jumbe Mbwana hakucheka. Aliuliza, "Una mtu wapi, Bi. Mkubwa?"

Bi. Mwanakombo akamtazama Jumbe, akawatazama wanaume mia mbili waliokuwa kati yao.

"Kwa watu," akasema.

Jumbe alielewa kwamba mahali fulani mjini kuna mwanamke katika uchungu. Hakujua ni wapi. Ili ajue, ilibidi aulize mara ya pili, au amwite pembeni. Aliinamisha macho, akanyoosha kunjo la joho kwenye kiti.

"Subiri kidogo," akasema. "Tunamaliza."

Hawakumaliza. Mwalimu alitaka kujibu hoja ya mbu. Maalim alitaka kujibu hoja ya nyumba isiyoungua. Fundi alitaka waliosema ana haki wahesabiwe. Bi. Mwanakombo alisubiri hotuba mbili. Katikati ya hotuba ya tatu alipita mbele ya wanaume wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akakichukua Kielelezo Namba Moja, akakivaa na kikaratasi chake, akashuka ngazi.

Ko, ko, ko.

Umati ukavunjika. Watu walioambiwa kwa vifungu kumi na viwili kwamba jini hakuna, na kwa chupa moja kwamba amefungwa, walikimbia huku viatu vyenyewe wanaviona. Mchukuzi mmoja aliruka ukuta wa msikiti. Maalim Bakari aliondoka kwa haraka ya mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Mwalimu Sudi alibaki, lakini juu ya meza.

Feruzi bin Maktubu alisikia sauti ingali mbali. Akatoa komeo kama alivyoahidi, na wanawake wakateleka maji.

Jumbe alibaki barazani na joho lake kwenye kiti, akingoja watu warudi. Walirudi mmoja mmoja, wakaketi, wakaendelea kubishana palepale walipoachia. Na ubishi huo haujaisha Mtondoo hata leo. Wapo wanaosema joho ni la Mwalimu, kwa kuwa alisema kweli. Huambiwa kwamba kweli yake ndiyo iliyotupa mawe. Wapo wanaosema ni la Fundi, kwa kuwa alimhurumia mtu. Huambiwa kwamba huruma yake ndiyo iliyomnyamazisha. Wapo wanaosema ni la Maalim, kwa kuwa ndiye pekee aliyefanikiwa, na hawa hawapati jibu. Wapo wanaosema apewe Feruzi, maana ndiye peke yake katika hadithi hii aliyetimiza alichoahidi. Wapo wanaosema Bi. Mwanakombo alipaswa kuivunja sitara, amwambie Jumbe maneno mawili tu, "Nyumbani kwako." Wengine husema aliyepaswa kuivunja ni Jumbe. Wanawake wa Mtondoo wana jawabu lao, na bado hawajaulizwa.

Nami sitaamua. Ninayo majina na saa tu. Mtoto, wa kiume, alipokewa akiwa hai. Mwanaidi binti Mbwana alifariki siku ileile ya Jumatano, saa tisa na robo alasiri.

Je, joho alistahili nani?